Vitanda vya Ndagala vya Mama Mkwe

Niliolewa Kalemie mwaka uliofuata uhuru. Nilitoka Moba kwa boti, nikiwa na sanduku la nguo na mkasi mzito wa kukatia vitambaa ambao masista walinipa nilipomaliza shule ya ushonaji. Mume wangu alikuwa fundi katika ateliye, karakana ya reli. Tuliishi nyumba moja na mama yake, karibu na ufuo, upande ambako boti za ndagala, dagaa wa ziwa letu, zilifikia asubuhi. Baba mkwe, mtu wa kabila la Waluba aliyefuata kazi ya reli tangu ujana wake, alikuwa amekwisha fariki.

Mama mkwe hakuwa mkali, ila maneno yake yalikuwa machache. Ukoo wake ulikuwa wa wafanyabiashara Waislamu wa ziwani, wenye ndugu Ujiji na Kigoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha ng'ambo ile. Mimi nilisema "muntu", yeye alisema "mtu". Mimi nilisema "njo hii", yeye alisema "ndiyo hii". Kila nilipozungumza alinyamaza kidogo kabla ya kujibu, kama anayetoa mwiba kinywani kabla ya kumeza. Mbele ya wageni aliniita "mke wa mwanangu". Mbele yangu hakuniita chochote.

Kazi yake ilikuwa ndagala. Alizinunua mbichi zikiteremshwa kwenye boti, akazianika mchangani mpaka zikauke na kung'aa kama sindano, kisha akaziuza kwa wanawake waliopanda treni kwenda Nyunzu na mbele zaidi. Kiangazi kazi hiyo haikuwa na taabu. Masika ilikuwa vita. Jua liliwaka, wanawake wakatandaza samaki wao, na kabla ya adhuhuri wingu liliruka kutoka milimani bila salamu. Hapo ufuo wote ulilipuka kwa mbio: mifagio, mabeseni, mikeka, kelele. Samaki walioloa mara moja waliweza kuokolewa. Walioloa mara mbili walianza kunuka, na wa namna hiyo hata bata hakuwataka.

Mama mkwe alikuwa na goti lililovimba. Siku moja, mwezi wa kwanza wa masika, nilikuwa kisimani mvua ilipoanza. Nilipofika mbio nilimkuta ameketi mchangani, beseni tupu mkononi, na ndagala zote zimezagaa kuanzia miguuni pake, zikioshwa na mvua kurudi ziwani. Goti lilikuwa limekataa. Hakulia wala hakuniambia nimsaidie. Nilimwinua kwa kwapa, naye akanitegemea mpaka nyumbani.

Jioni nilikuwa napika ugali. Alikuwa kwenye kiti karibu na meza, goti limefungwa majani ya moto. Alivuta mtoto wa meza akatafuta mwiko, akanipa, akamsukuma ndani. Kisha akamvuta tena. Akamsukuma. Akamvuta. Nilidhani amekosa kisu.

"Unatafuta nini, Mama?"

"Sitafuti kitu," alisema. "Njoo uone. Huyu mtoto wa meza, miiko yake ingekuwa ndagala, mvua ingewapata?"

"Akiwa ndani, hapana."

"Na akiwa nje, jua lingewapata."

Nikaacha sufuria. Nilielewa mara moja, na nadhani aliona usoni mwangu kwamba nimeelewa, kwa sababu aliendelea kusema, maneno mengi kuliko niliyoyasikia kwake tangu niolewe. Alitaka banda refu na la chini, la mabati, kama meza. Ndani yake vitanda vya mbao vilivyotandikwa wavu, vinavyotoka nje kwenye jua na kurudi ndani ya kivuli. Asingefagia tena, asingebeba. Angevuta tu.

Ugali uliungua kidogo chini. Mume wangu aliporudi alitukuta tunakata karatasi.

Mimi sikujua kuchora mashine, lakini nilijua kuchora gauni. Masista walitufundisha kwamba kila nguo, hata ikiwa na marinda kumi, huanza kama vipande bapa vya karatasi. Basi nilikata ubavu wa banda, nikakata kitanda, nikakata paa, nikaviunganisha kwa pini juu ya katoni la sabuni. Mama mkwe alivuta kile kitanda cha karatasi kwa kucha yake. Kikatoka. Akakisukuma. Kikaingia.

Mume wangu aliguna. "Mama, karatasi haina uzito. Kitanda cha samaki wabichi kitahitaji magurudumu."

"Wewe unafanya kazi wapi?" mama yake alimuuliza. "Sokoni?"

Mkubwa wake wa ateliye alikuwa Mzungu mmoja ambaye hakuondoka wengine walipoondoka. Mume wangu alimwendea akaomba vyuma chakavu: vipande vya reli nyembamba na magurudumu ya vile vitoroli vilivyokuwa vikibeba mawe zamani. Yule mkubwa aliuliza ni vya nini, akaambiwa ni vya kuzuia mvua, akacheka, akaruhusu.

Banda la kwanza lilikwama. Tulikuwa tumepima vitanda vikae sawasawa katikati ya reli, bila nafasi hata ya ukucha, tukijisifu kwa usahihi. Mbao ziliponyonya maji ya samaki zilivimba, na vitanda vikakataa kwenda mbele wala nyuma. Hapo nilikumbuka somo la kwanza kabisa la ushonaji: nguo isipoachiwa nafasi ya kupumua, mwenye nguo hataketi. Tukapunguza mbao kila upande. Vitanda vikapumua.

Lakini bado kila kitanda kilitaka mkono wake. Ukivuta kimoja, vingine vinaloa. Mume wangu akapendekeza reli zitegwe, ziteremke kidogo kuelekea ndani, ili kitanda kikiachiwa kirudi chenyewe. Tukavisukuma nje, tukavizuia kwa kulabu. Halafu akafungua ya kwanza kututhibitishia. Reli alikuwa ameziteremsha mno. Kitanda kilikimbia kama treni iliyokatika breki, kikagonga nguzo ya nyuma, na ndagala zote zikaruka hewani zikamwangukia mama mkwe, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chake nyuma ya banda akingoja kushuhudia.

Tulisimama tumekufa ganzi. Samaki walikuwa kwenye kitambaa chake cha kichwa, mabegani, mapajani. Aliokota mmoja kutoka shingoni, akamtazama.

"Huyu," alisema, "hata ziwani hakuwahi kwenda mbio hivi."

Akaanza kucheka, na mimi nikacheka mpaka nikaketi chini. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kucheka pamoja, na baada ya siku ile nyumba ile ilikuwa na hewa nyingine.

Tulipunguza mteremko, tukapigilia kipande cha tairi kuukuu kwenye nguzo za nyuma. Ikabaki shida ya kulabu: kila moja ilitaka kufunguliwa peke yake. Nilifikiria kulabu ndogo za mgongo wa gauni, zile ambazo ukivuta kitambaa kwa namna fulani hufunguka zote kwa mpigo, mwenye gauni asipende. Nilichora kulabu ya namna hiyo, kubwa, yenye mkia. Mume wangu aliikunja kwa chuma. Tukapitisha kamba moja katika mikia yote. Mtu akivuta kamba, kulabu zote zinainua vichwa pamoja.

Mvua ya kwanza baada ya hapo ilikuja tukiwa tunakula. Ufuo ulilipuka kama kawaida. Mama mkwe alinyoosha mkono, akavuta kamba iliyofungwa kwenye dirisha la jikoni, akarudisha mkono kwenye sahani. Huko nje vitanda vilinguruma taratibu, vyote pamoja, vikagusa tairi, vikatulia chini ya mabati. Alimeza tonge lake. Kisha akafunika uso kwa upande wa kanga, nasi tukajifanya tunatazama mvua.

Wiki haikuisha kabla ya mkubwa wa ateliye kuja mwenyewe kuona vyuma vyake. Alikuwa mzee mrefu, mwenye Kiswahili cha karakana, cha kuamrisha na kutania. Alivua kofia mbele ya mama mkwe. Alivuta kamba, akarudisha vitanda nje, akavuta tena, mara nyingi, kama mtoto. Halafu akapiga magoti mchangani akatazama kulabu.

"Mama," alisema, "hii mnapaswa kuombea breve."

Hakuna aliyejua breve ni nini. Alitukaribisha kwake Jumapili ile. Mama mkwe alivaa kanga mpya. Sebuleni mle palikuwa na karatasi ndani ya fremu ya kioo, yenye utepe na muhuri, na michoro ya kitu kama kisanduku chenye kifuniko. Ilikuwa breve ya mkubwa mwenyewe. Ujanani alikuwa amebuni kifuniko cha kisanduku cha mafuta ya ekseli ya behewa, kifuniko kinachojifunga chenyewe ili mchanga usiingie. Alisema mke wake alikuwa akiona aibu kuning'iniza kitu kama kile sebuleni, lakini sasa mke yuko Ulaya na karatasi iko hapa.

"Serikali inasema: kitu hiki amekibuni huyu," alitueleza. "Kwa miaka kadhaa mwingine asikitengeneze bila ruhusa yake. Na yeye analipa kwa kusema siri yake yote, na michoro, ili kila mtu asome."

"Anawaonyesha watu wote," mama mkwe aliuliza, "halafu anawakataza?"

"Kwa muda tu, Mama. Baadaye kinakuwa cha wote."

Mkubwa alianza kugeuza vitu vilivyokuwa mezani. Kwenye tako la taa ya pampu palikuwa na neno lile lile, breve. Kwenye kufuli. Kwenye kizibuo cha chupa. Kwenye chupa ya chai inayohifadhi joto. Kwenye kalamu yake, maandishi madogo hata nikalazimika kuyasoma mimi. Kila kitu, alisema, kilikuwa na mtu fulani aliyekosa usingizi kwa ajili yake. Mimi nilikuwa nimeishi maisha yangu yote nikidhani kufuli zipo tu, kama mawe yalivyopo. Tangu Jumapili ile mama mkwe aligeuza kila chombo cha nyumbani kutafuta lile neno, na alilipata chini ya mguu wa cherehani yangu, akaniita nije nione kana kwamba amekuta ndugu.

Kuandika maombi kulikuwa kugumu kuliko kujenga. Mkubwa wa ateliye aliuliza, "Ni nini kipya hapa? Semeni kile tu ambacho ni chenu." Tulianza kwa kujigamba, tukaishia kwa kunyamaza. Mtoto wa meza alikuwapo tangu zamani. Magurudumu ni ya wengine. Mteremko ni wa Mungu. Kila tulichokitaja alikiondoa kwa upole, kama mtu anayechambua mchele, mpaka ikabaki kulabu yenye mkia na kamba inayofungua zote kwa mara moja.

"Basi hiyo," alisema. "Ni ya nani?"

Mume wangu alinitazama. Mimi nilimtazama mama mkwe. Wazo la banda lilikuwa lake, na goti lilikuwa lake, na sikutaka kumpokonya.

"Ni ya mwanangu huyu," alisema mama mkwe, akanigusa goti. "Andika jina lake. Mimi nilicholeta ni uvivu tu."

Mkubwa alicheka. Niliporudi nyumbani niliingia chumbani, nikaketi kitandani, nikalia, na sikujua hasa kwa nini.

Michoro niliichora mwenyewe kwenye karatasi nzuri aliyotupatia mkubwa, naye akaituma Ulaya kwa rafiki yake aliyefanya kazi hiyo ya breve. Alitupa onyo moja: tusimwonyeshe mtu mpaka jibu lije.

"Bwana," mama mkwe alimwambia, "banda liko ufukoni. Linaonekana mpaka na viboko."

Na kweli, watu walikuja. Wa kwanza alikuwa jirani yetu, mjane mwenye mapacha, ambaye ndagala zake zililoa wiki moja na zetu zikakauka. Alisimama kando ya banda, pacha mmoja mgongoni na mwingine mkononi, akauliza kama mume wangu angemtafutia magurudumu.

Usiku ule mke na mume tulikosana kidogo. Mume wangu alikuwa ameanza kuota. Alisema banda letu lingeweza kufika Uvira, Bujumbura, mpaka upande wa Waingereza, na jina letu chini ya kila kulabu.

"Ngojea jibu," alisema. "Ni miezi tu. Muntu anaweza kungojea."

"Mvua haingojei," nilimwambia.

Asubuhi alimwambia mama yake. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa anasafisha mchele.

"Mwanangu," alisema, "nimeelewa ile karatasi. Ni kitu kizuri. Mzee yule anaipenda, na ana haki ya kuipenda. Lakini mimi nitaketi dirishani, nivute kamba yangu, nimwangalie mwenzangu anakimbia na mapacha, nimwambie angojee barua? Nitamezaje chakula?"

Mume wangu alikwenda kazini bila kunywa chai. Jioni alirudi na magurudumu begani, akayaweka mlangoni kwa mjane, akapita moja kwa moja kuoga. Nilimpenda sana jioni ile.

Masika yale yalipoisha ufuo ulikuwa na mabanda mengi. Wengine walitumia vigogo vya mbao badala ya reli. Mwanamke mmoja aliweka kengele ya baiskeli kwenye kamba yake, ilie vitanda vikiingia, na mama mkwe alikwenda kuisikiliza akarudi na wivu.

Jibu lilikuja kiangazi. Mkubwa wa ateliye alikuja nalo mwenyewe, akaketi, akatusomea pole pole kwa Kiswahili. Vitanda vinavyoteleza chini ya paa vilikuwa vinajulikana kitambo katika nchi zinazolima kakao, ambako mbegu zake huanikwa juani kama sisi tunavyoanika ndagala. Kulabu pengine ingekubaliwa, lakini kwa kuwa ilikuwa imekwisha tumiwa hadharani, rafiki yake hakushauri kuendelea.

Mume wangu aliinamisha kichwa. Mimi nilijisikia mtupu, kama mtu aliyejiandaa kwa harusi ikaahirishwa. Nilijua tulichagua wenyewe, na bado iliniuma. Mkubwa alikunja karatasi, akasema anasikitika, na ilionekana wazi kwamba anasikitika.

Mama mkwe alikuwa amesogea mbele kwenye kiti. "Hiyo kakao," alisema, "ni nchi ya wapi?"

"Mbali, Mama. Ng'ambo ya bahari."

"Na huko nako mvua inakuja bila kubisha hodi?"

"Nadhani hivyo."

"Kumbe." Alitikisa kichwa, macho yamemng'aa. "Kumbe kuna mwenzangu huko. Alinyeshewa naye, akaketi, akawaza vile vile. Bila hata kunijua!"

Alilirudia jambo hilo kwa majirani mwezi mzima. Mimi ilinichukua muda mrefu zaidi kufurahi.

Mwaka wa vurugu ulipokuja, tulikimbilia Moba kwa boti pamoja na mjane na mapacha wake, tukakaa kwa wazazi wangu. Sitaki kusema mengi juu ya wakati ule. Tuliporudi, mkubwa wa ateliye alikuwa amekwisha ondoka, na hatukupata habari zake tena. Nyumba yake ilikuwa wazi, fremu haikuwapo ukutani, na nilifurahi kudhani kwamba aliichukua. Ufukoni mbao zote zilikuwa zimefanywa kuni. Reli zilibaki mchangani, zimeota kutu, zimenyooka kama zilivyokuwa.

Tulijenga upya. Safari hii hatukuhitaji kukata karatasi. Mama mkwe alikaa kwenye kiti akielekeza kwa fimbo, na wanawake wa ufuo mzima walifanya kazi kwa zamu, banda moja leo, banda lingine kesho.

Ateliye ilipofunguliwa tena, mkubwa mpya alikuwa mtu wetu, aliyekuwa zamani akifanya kazi meza moja na mume wangu. Mashine zilikuwa zimevunjika vipande vingi, vipuri havikuja, na mchoraji wa biro, ofisi ya michoro, alikuwa amerudi kwao. Siku moja mkubwa huyo alikuja nyumbani. Nilidhani anamtafuta mume wangu, nikamletea kiti na kutaka kutoka.

"Hapana, Mama, kaa," alisema. "Nimekuja kwako. Ile michoro ya kulabu, mzee alituonyesha sote kabla hajaituma. Ninahitaji muntu wa kuchora vipuri ili vijana wavichonge."

"Mimi ni mushonaji, Papa."

"Ninajua. Unaweza kuanza siku gani?"

Nilikuwa nanyonyesha mtoto wetu wa kwanza. Nilimtazama mama mkwe, nikitegemea aseme kwamba mwanamke hana kazi katika karakana ya chuma. Alikuwa amekwisha mchukua mtoto mapajani na alikuwa akimfungia kofia.

"Maziwa utamkamulia kwenye kikombe asubuhi," alisema. "Mchana nitamleta getini."

Nilianza Jumatatu. Biro ilikuwa chumba chenye madirisha makubwa yaliyotazama reli, na meza ya mteremko, ndefu kuliko kitanda changu. Walinipa kiti, penseli na rula ya mbao yenye umbo la herufi T. Mtu alileta gurudumu la meno lililovunjika, akaliweka mbele yangu kwenye gazeti, likiwa bado na grisi. Nililigeuza, nikahesabu meno yaliyobaki, nikanoa penseli.